Mlango wa Nne

Kamazawa, 22 Januari 1984

Baba,

Mama amesema nikuandikie mimi, kwa sababu mikono yake imepasuka kwa baridi na kalamu inamuuma. Theluji imefika madirishani. Jana tulipanda paani mara mbili kuiondoa, na leo imejaa tena kana kwamba hatukufanya kitu.

Shuleni kuna jambo jipya. Kila Jumamosi baada ya masomo, sisi wa darasa la sita tunabaki na Bwana Onodera wa ofisi ya historia ya mji. Siku ya kwanza alituambia historia ya kijiji imo ndani ya milango ya watu, tukacheka. Kumbe ni kweli. Zamani karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo mtengeneza milango ya karatasi ya kusukuma kando alibandika ndani yake karatasi zilizokwisha kazi, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya wali, halafu juu akaweka karatasi nzuri ya kuonekana. Tangazo lilikuja mwezi Desemba na ubao wa mzunguko, ule wa matangazo unaopokezanwa nyumba hadi nyumba: mwenye milango mibovu awape watoto wa shule. Mama akatoa yetu minne ya chumba cha nyuma, ile iliyolowa paa lilipovuja. Tuliipeleka kwa sleji, tukiivuta juu ya theluji.

Tunanyunyizia maji, tunangoja, tunainua ukingo kwa kijiti cha mwanzi. Ukiwa na papara inachanika. Mimi ndiye mwandishi wa namba. Kila karatasi inapata tatu: mlango, tabaka, karatasi. Namba ikipotea, anasema Bwana Onodera, karatasi nayo ni kama imepotea. Mlango wa kwanza ulikuwa na orodha za vifuko vya hariri na mahudhurio ya shule. Kuna mtoto wa zamani aliyekosa shule siku kumi na tisa kwa sababu ya kukosa viatu.

Wazee wamealikwa watusaidie. Bibi Tome wa Kisimani huja kila mara. Hajui kusoma, lakini anajua nani alikuwa mtoto wa nani, na jiko la shule lina moto kuliko la kwake. Anatutania: "Mnasoma kama kuku anaokota mchele." Alipoambiwa milango imetoka kwetu, aliuliza, "Minne yote?" Bwana Onodera akasema ndiyo. Akavuta kiti chake karibu.

Maonyesho ya karatasi hizi ni tarehe 11 Machi. Najua handaki mnalochimba halitakuwa limekwisha, na hutaweza kuja. Mama anauliza kama figili alizokausha kwa moshi zimekufikia.

Mutsumi


Kambi ya handaki, 28 Januari

Mutsumi,

Figili zimefika. Tulikula watu sita na hazikuona siku ya pili.

Huku hakuna theluji ila kuna maji. Yanatoka kwenye mwamba baridi kama ya kwetu, na yanaingia kwenye buti kupitia juu. Kila zamu ni ya saa kumi mfululizo. Ukitoka ndani huna hamu ya kuongea na mtu.

Sasa nisikilize. Mwambie mama yako aende shuleni aombe mlango wa nne urudishwe nyumbani. Hiyo mitatu wachukue. Wa nne ni kumbukumbu ya babu yako, aliutengeneza kwa mkono wake, nami sikutaka utolewe. Utaujua kwa sababu fremu yake ina alama ya moto chini upande wa kushoto. Nitaurekebisha mwenyewe nikirudi Aprili. Mama yako hakujua, si kosa lake.

Fanya hivyo kabla ya Jumamosi inayokuja. Usisahau.

Na huyo Bibi Tome, huwa anakaa mpaka mwisho? Anauliza nini?

Baba yako,
Tokuji


Kamazawa, 5 Februari

Baba,

Barua yako ilifika jana jioni. Treni ilikwama siku mbili. Jumamosi ilikuwa imekwisha.

Mama ameisoma akasema, "Milango tu hiyo. Baba yako handaki limemwingia kichwani." Lakini leo amempigia simu Bwana Onodera, akajibiwa kwa adabu kwamba milango imekwisha kuingizwa katika orodha, na kwamba fremu yenye alama ya moto tutarudishiwa, karatasi ndizo wanazohitaji. Mama akasema basi, fremu inatosha. Nikamwambia si hivyo ulivyoandika. Akaniuliza wewe uliandika vipi. Nilisoma tena barua yako, nikairudisha kwenye bahasha.

Jana tulimaliza mlango wa tatu. Tabaka la ndani lilikuwa na karatasi za ofisi ya kijiji, kingo zake zimeungua. Bwana Onodera alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akatuuliza nani anajua babu yake Mutsumi alikuwa na kazi gani. Watoto wote wakanitazama mimi, nami sikujua. Bibi Tome ndiye aliyejibu: "Karani." Bwana Onodera akauliza karani wa nini. Bibi Tome akaomba chai.

Mlango wa nne ni tarehe 18, kwa sababu Jumamosi hii ni sikukuu.

Baba, babu alikuwa karani wa nini?

Mutsumi


Kambi ya handaki, 10 Februari

Mutsumi,

Simu sitapiga, kwa sababu ataipokea mama yako. Barua hii isome peke yako, kisha itie motoni. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne na sijui kuzunguka maneno. Nakuandikia kama mtu mzima.

Babu yako Yasuke alikuwa karani wa mambo ya jeshi. Wakati wa vita, karatasi nyekundu ya kumwita mtu jeshini ilipofika, yeye ndiye aliyeipeleka nyumba hadi nyumba. Mimi nilikuwa mdogo, naona watu wanafunga milango wakimwona njiani. Lakini kazi yake mbaya zaidi hawakuiona. Kila mwaka aliandika orodha ya wanaume wa kijiji: nani mzima, nani mgonjwa, nani mtoto wa pekee. Wakubwa walioketi mjini walichagua watu kwa kuangalia orodha hiyo.

Aprili ya mwaka 1945, mbele ya jina la baba yako mkubwa Kanzo, babu aliandika: kifua kibovu. Kanzo alibeba magogo msituni mpaka mwaka aliokufa, na kifua chake kilikuwa kama pipa. Mstari wa chini yake ulikuwa wa Shokichi, mtoto wa Bibi Tome. Babu akaandika: mzima, ana nguvu. Shokichi alikuwa mtoto wa pekee wa mjane, na palikuwa na nafasi ya kuandika hivyo. Babu aliiacha tupu. Mwezi Juni karatasi nyekundu ilikuja moja tu, ya Shokichi. Meli yake ilizama kaskazini kabla hajafika popote. Bibi Tome aliletewa kisanduku cheupe cha mifupa ya marehemu, chenye kokoto tu ndani.

Haya aliniambia babu mwenyewe mwaka 1962, wiki aliyokufa. Vita vilipokwisha, amri ilikuja kuchoma karatasi zote za jeshi. Alichoma siku tatu nyuma ya ofisi. Hiyo moja hakuichoma, akaileta nyumbani akaibandika ndani ya mlango wa nne. Nilimuuliza kwa nini. Alisema alijaribu mara mbili. Mtu aliyeweza kuandika uongo, kuuchoma kulimshinda.

Mama yako nilimwoa kutoka bonde jingine, na kwetu mke wa nje haambiwi mambo ya nyumba mpaka azeeke humo. Mama yangu alifariki kabla hajamwambia, nami nikanyamaza kwa mazoea. Ndiyo maana ameutoa mlango kwa mkono wake. Tumejificha mpaka tumejianika.

Wewe ndiye mwandishi wa namba, karatasi zitapita kwako kwanza. Ukiona jina la Kanzo na la Shokichi pamoja, usiiandike namba. Itie ndani ya koti. Si wizi, mlango ni wetu. Bibi Tome ana miaka themanini, asisomewe hivyo mbele ya watoto. Na wewe usiitwe mjukuu wa mtu huyo njiani.

Usimwambie mama.

Baba


Kambi ya handaki, 13 Februari

Mutsumi,

Kama barua yangu ya tarehe 10 itakuwa imechelewa na hii ikaitangulia, usiifungue. Itie motoni kama ilivyo.

Nitakueleza kilichotokea. Jana maji yalizidi kwenye uso wa mwamba, na nyapara akataka mtu aende mbele kuweka nguzo. Mimi ndiye mkubwa wa kundi letu la kaskazini, akaniambia nichague. Penye mlango wa handaki kuna ubao wenye vibao vya majina, na anayeingia kibao chake kinageuzwa. Mkono wangu ulikuwa juu ya kibao cha Minoru, mtoto wa shangazi yako, kwa sababu ndiyo zamu yake ilivyokuwa. Nikausogeza. Nikageuza cha Higa, mtu wa visiwa vya kusini, ambaye huku hana ndugu wa kuniuliza.

Haikuchukua hata pumzi moja. Nyapara hakuona, Minoru hakuona, hata Higa mwenyewe hakuona. Alivaa helmeti akaniambia, "Mzee, nikirudi nikute supu."

Mwamba ulimshukia mguuni. Hakufa. Wamemkata chini ya goti.

Nimekaa siku nzima naangalia ule ubao. Miaka ishirini na miwili nimemhukumu baba yangu kwamba alikaa chini, akawaza, akachovya kalamu kwenye wino, akaandika. Sasa sidhani aliwaza. Nadhani mkono wake ulisogea tu, halafu akaishi na huo mkono.

Usifiche kitu. Nilikuomba jambo baya, na niliomba kwa barua ndefu yenye sababu nzuri. Niandikie upesi.

Baba


Kamazawa, 19 Februari

Baba,

Barua ya kuficha ilifika tarehe 17. Nimefanya ulivyoniambia.

Mlango wa nne ulikuwa mgumu. Gundi yake ilikuwa nzito kuliko ya mingine, Bwana Onodera alisema aliyebandika alitaka zisibanduke. Kwenye tabaka la tatu, baada ya karatasi ya sita, niliona jina la baba mkubwa. Kisha la Shokichi. Ilikuwa imelowa. Nilisema naenda chooni, nikaitia chini ya fulana. Ilikuwa baridi mwilini kama samaki. Chooni niliikunjua nikaisoma, kisha nikairudisha chini ya fulana. Nilipotoka sikuandika saba. Karatasi iliyofuata nikaiandika nane, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umekwisha kuihesabu.

Sasa nikueleze kilichotokea nikiwa nayo kifuani. Takeshi wa darasa letu alibandua kikaratasi kidogo, kipande cha kukatwa. Bwana Onodera alisema ni hati ya kupokea. Karatasi nyekundu ilipofikishwa, aliyepokea aliweka muhuri au kidole, na kipande hicho karani akarudi nacho. Kilikuwa na tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, jina la Shokichi, na alama ya kidole gumba. Mwalimu wetu wa darasa akataka kukifunika.

Bibi Tome akasema, "Nipeni hicho." Alikishika karibu na jicho. Halafu akaomba wino wa muhuri. Akabonyeza kidole chake pembeni, kwenye karatasi ya daftari. Tulileta kioo cha kukuzia, tukahesabu mistari, Takeshi akapata kovu kama mwezi mchanga kwenye alama zote mbili. Bibi Tome akasema kovu hilo ni la mundu. Akasema, "Nilikuwa natoka shambani kupanda mpunga. Nilikipangusa kwanza."

Alipokuwa anaondoka alinishika bega akaniuliza kama naumwa, mbona nimejikunyata. Nikasema tumbo. Akanipa peremende.

Karatasi iko kati ya magazeti mawili chini ya godoro langu. Imechanika kidogo kwenye pembe. Usiku nageuka geuka nikiogopa kuichana zaidi. Bwana Onodera ameona namba 4-3-7 haipo, akaniuliza kwa upole kama niliruka kuhesabu. Nikasema ndiyo. Amesema tutaangalia tena.

Peremende sijaila.

Mutsumi


Kamazawa, 21 Februari

Baba,

Barua yako ya pili imefika leo mchana. Kwa nini haikutangulia?

Mama ameniona nasoma, akaniuliza kuna nini. Nimesema umeandika juu ya mtu aliyeumia mguu. Sasa nimemdanganya mama, na Bwana Onodera, na Bibi Tome. Unasema usifiche kitu, lakini nimeshaficha. Niambie la kufanya. Wewe ndiye uliyeniagiza, usiseme fanya unavyoona.

Mutsumi


Kambi ya handaki, 25 Februari

Mutsumi,

Sawa, nakuagiza. Kesho yake ukipata barua hii, ichukue karatasi ikiwa kwenye magazeti yake, umpe Bwana Onodera mkononi. Sema: baba yangu aliniamuru niifiche, na baba yangu ameniamuru niirudishe. Maneno hayohayo. Akikasirika, anikasirikie mimi, mpe anwani ya kambi. Takeshi na wenzake wakikuita jina baya, niandikie jina lenyewe.

Kisha mwambie mama yako yote. Mpe na barua zangu zote tatu kama hukuzichoma. Najua hukuzichoma.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nenda nayo Kisimani, umsomee Bibi Tome. Usiharakishe. Akikufukuza, iache kizingitini.

Nilikwenda hospitali kumwona Higa. Nilimwambia habari ya vibao. Akauliza, "Minoru ana watoto wangapi?" Nikasema wawili. Akageukia ukutani. Sikuambiwa nitoke na sikuambiwa nikae. Nilikaa mpaka muda wa wageni ulipokwisha. Nitakwenda tena Jumapili.

Baba


(Iliyokuwa ndani ya bahasha)

Bibi Tome wa Kisimani,

Mimi ni Tokuji, mtoto mdogo wa Yasuke. Tangu nikiwa mtoto nakuona ukileta ubao wa mzunguko unauweka juu ya jiwe mbele ya nyumba yetu, hupigi hodi, humkabidhi mtu mkononi. Nyumba nyingine zote unagonga. Nilijua sababu tangu mwaka 1962 na sikuwahi kutoka nje.

Kaka yangu Kanzo hakuwa mgonjwa. Baba yangu aliandika kwamba ni mgonjwa. Alijua Shokichi ni mtoto wako wa pekee na hakuandika. Karatasi ipo, ilikuwa ndani ya mlango wetu. Mimi nilimtuma binti yangu aifiche ili usisomewe. Yeye hana kosa, alitii.

Sina la kukulipa. Sikuandiki ili unijibu. Nimeandika kwa sababu katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kukutamkia hilo.

Tokuji


Kisimani, 4 Machi

Tokuji,

Naandikiwa na binti yako. Anaandika polepole kama anayepanda mpunga, kwa hiyo sitasema mengi. Nimemwambia aandike kila neno, hata yale asiyoyapenda.

Unafikiri umeniambia kitu. Nilijua. Majira ya baridi ya kwanza baada ya vita, nilimwona Kanzo akishuka mlimani na gogo begani, anaimba. Kifua kibovu hakiimbi chini ya gogo. Na kabla ya hapo nilijua. Siku ile ya kidole, Yasuke alinishika mkono ili nibonyeze sawasawa, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Wa kwake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Mtu aliyekwisha kupeleka karatasi nyekundu arobaini, kwa nini atetemeke kwangu? Nililala nalo hilo.

Lakini kuna jambo wewe hulijui, wala yeye hakulijua. Miaka yote hii sikumchukia Yasuke peke yake. Nimekichukia na kidole changu. Shokichi alikuwa tanurini kwenye mkaa, nusu siku mlimani. Ningeweza kusema amekwenda, simjui alipo. Nilikipangusa tope, nikabonyeza, nikamwambia Yasuke asante kwa taabu yako. Asante! Hivyo ndivyo tulivyofunzwa. Sasa watoto wamenionyesha kidole kile, kidogo, cha mwanamke wa miaka arobaini, nikakihurumia. Hilo sikulitarajia.

Mtoto wako alikuja jana na karatasi yako, uso umevimba kwa kulia, akasoma mpaka mwisho bila kuruka. Nikamuuliza kama ile Jumamosi alikuwa nayo kifuani. Akasema ndiyo. Nikamwambia nilidhani ana minyoo. Akacheka, akalia tena.

Usiniombe msamaha, na nashukuru hukuomba. Kusamehe si kitu cha kuagiza kwa posta. Ninachotaka ni hiki. Tarehe 11 karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na kidole changu, na binti yako aisome kwa sauti mbele ya watu wote, uongo nao ausome vilevile ulivyoandikwa. Onodera anaona aibu kwa ajili yangu, anataka kufunika majina. Mwambie aache. Jina la mwanangu halijasomwa kwa sauti kijijini hapa tangu siku ya kisanduku.

Na huyo mtu wa mguu niliyesimuliwa na binti yako, usimwache. Yasuke alikuja kwangu mara moja tu baada ya vita, na mfuko wa mchele. Sikuufungua mlango. Angekuja mara ya pili ningefungua.

Tome


Kamazawa, 12 Machi

Baba,

Jana ilikuwa siku yenyewe. Walikuja watu mpaka wakasimama mlangoni, pale pa kuvulia viatu. Mama alikaa mbele. Tangu nimpe barua zako hajasema nami sana, lakini amenisukia nywele kila asubuhi. Amesema yaliyobaki atakuambia mwenyewe ukirudi, na kwamba ni afadhali ufike umeshiba.

Bwana Onodera hakukasirika. Nilipomrudishia karatasi aliishika kwa mikono miwili, akasema kuna marafiki zake katika kazi hii wanaotafuta miaka ishirini na hawajaiona moja kama hii, kwa sababu kila mahali zilichomwa. Halafu akanipa kalamu. Akasema namba lazima niiandike mimi, na historia yake yote. Kwa hiyo chini ya karatasi kuna kadi yangu: "4-3-7. Orodha ya wanaume, Aprili 1945. Ilifichwa miaka thelathini na minane na karani, na siku kumi na nne na mwandishi wa namba. Imerudishwa." Nilimuuliza kama ni lazima hiyo ya mwandishi wa namba. Akaniuliza mimi naonaje. Nikaiacha.

Nilisoma. Nilipofika kwa baba mkubwa, nikasoma: kifua kibovu. Kulikuwa na mzee nyuma aliyeguna. Nikasoma: Obonai Shokichi, miaka ishirini na mmoja, mzima, ana nguvu. Kisha nikasema, mahali pa kuandika mtoto wa pekee pako tupu. Bibi Tome alikuwa ameketi karibu na jiko. Akasema, si kwa nguvu, "Soma tena jina." Nikasoma tena. Akasema, "Tena." Nilisoma mara tatu. Halafu akaniambia inatosha, watu wana njaa.

Takeshi ameniita Karani. Umesema nikuandikie jina lenyewe, ndilo hilo. Lakini amenisaidia kubeba fremu nyumbani.

Leo ubao wa mzunguko ulikuwa zamu ya Kisimani kuuleta kwetu. Nilikuwa dirishani. Bibi Tome alikuja taratibu kwenye njia ya theluji, na fimbo. Aliuweka ubao juu ya jiwe kama siku zote. Mimi nikasema moyoni, basi. Lakini hakuondoka. Alisimama pale na theluji inamwangukia kichwani, hakupiga hodi, hakuita, ananitazama tu dirishani. Mama alikuwa jikoni. Nikamwita. Akatoka pekupeku, kwa mikono yake ile iliyopasuka akauokota ubao kwenye jiwe, akasimama nao.

Bibi Tome akamwambia, "Tangazo la maji ya kuosha shule liko ukurasa wa pili." Ndipo akaondoka.

Njoo Aprili. Fremu ya mlango wa nne iko chumba cha nyuma, haina karatasi, na upepo unapita.

Mutsumi